Wicca, uchawi wa kisasa au masamva: ulinganisho wa maadili kwa mtu wa Mwanza

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Anayeuliza mara nyingi ni kijana wa chuo, amepanga chumba Malimbe au Nyegezi, amekulia kanisani au msikitini, na ana bibi Magu au Kwimba ambaye bado humwaga pombe kidogo chini kabla ya kuanza kunywa. Amekutana na Wicca kwenye simu, akavutiwa na kauli yake ya kutomdhuru yeyote. Akakutana pia na watu wanaojiita wachawi wa kisasa, wasiotaka dini wala kiongozi. Halafu akakumbuka kwamba hata kwao kuna njia ya mababu, yenye miiko na wazee wake. Sasa amekwama: ni ipi yenye maadili ambayo mtu anaweza kuishi nayo hapa, kando ya ziwa, katikati ya majirani?

Makala haya yanalinganisha njia hizo tatu. Hayamtoi mtu kanisani wala msikitini, na wengi wanaosoma hapa watabaki huko huko hata baada ya kusoma. Hayahusu pia vile vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme vinavyotangaza pete za bahati na kumrudisha mpenzi ndani ya siku moja. Hiyo ni biashara, na maadili yake yanajulikana.

Njia zenyewe kwa kifupi

Wicca ni dini changa. Ilijitokeza Uingereza katikati ya karne ya 20, na jina linalotajwa kwanza ni la Gerald Gardner, mstaafu aliyewahi kuwa ofisa wa forodha huko Malaya. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735, na mwaka 1954 Gardner akachapisha kitabu akidai kwamba amekutana na wafuasi wa dini ya kale iliyosalia mafichoni. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali ukale huo. Wanaona mambo mengi yaliunganishwa na Gardner mwenyewe, akisaidiwa na Doreen Valiente aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya ibada. Wafuasi humheshimu Mungu wa kike na Mungu wa kiume. Kwa desturi ya mwanzo hukutana katika vikundi vidogo, huingizwa kwa hatua tatu, na hula kiapo cha siri. Tangu miaka ya 1980 wengi zaidi wanafuata peke yao, bila kikundi. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba Wicca ni dini kama nyingine mbele ya katiba ya nchi hiyo.

Uchawi wa kisasa ni kapu kubwa. Humo wamo Waingereza waliompinga Gardner tangu miaka ya 1960, kama Robert Cochrane. Wamo wanawake wa Marekani waliouunganisha na siasa za ukombozi wao. Wamo wale wa mwishoni mwa miaka ya 1970 waliosema imani yenyewe ni kifaa tu, unaivaa na kuivua kulingana na kazi. Na leo limo kundi kubwa la watu wenye karata za taroti za kubashiria, mawe ya rangi na mishumaa, wasioamini mungu yeyote au wanaoamini wengi. Kinachowaunganisha ni msimamo mmoja: hakuna mtu wa kuniamulia.

Masamva ni wahenga wa Wasukuma. Juu yupo Liwelelo, muumba, lakini yuko mbali. Walio karibu na shughuli za kila siku ni wafu wa ukoo. Wanakumbukwa kwa majina wanayorithishwa watoto, kwa vibanda vidogo uani, kwa unga, pombe na mbuzi. Anayesaidia kujua wanataka nini ni nfumu, ambaye mara nyingi aliitwa na masamva wenyewe kwa kuugua. Wakerewe, Wajita, Wakara na Wazinza wana mambo yao yanayofanana na haya, ila nazungumzia Wasukuma kwa sababu ndio wenyeji wengi wa eneo hili. Na niseme mapema: mzee wa Kisukuma akisikia nimeiweka njia yake pamoja na watu wanaojiita wachawi, atanifukuza uani, na atakuwa na haki. Kwake mlogi ndiye adui, na nfumu yupo ili kumzuia. Nimeziweka pamoja kwa sababu msomaji wangu tayari ameziweka pamoja kichwani.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza, kanuni imetoka kwa nani, na ukiivunja nani atakuuliza. Cha pili, mipaka ya madhara: kulipiza kisasi, dawa ya mapenzi, damu ya mnyama. Cha tatu, ukipatwa na balaa, njia hiyo inakufundisha umlaumu nani. Cha nne, ardhi, ziwa na majira. Cha tano, fedha, siri na sheria ya nchi. Havina uzito sawa. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa cha kwanza na cha tatu ndivyo vyenye kuamua, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

Nani atakuuliza?

Shauri kuu la Wicca ni fupi sana: fanya utakalo, mradi humdhuru yeyote. Valiente alilitamka hadharani mwaka 1964 na tangu hapo limekuwa kama nembo. Si amri. Hakuna askofu wa kulisimamia, wala kitabu kinachoorodhesha adhabu. Mwaka 1974 kikundi cha wachawi wa Marekani kilikutana Minneapolis na kutoa kanuni kumi na tatu za imani. Walisema, kwa mfano, kwamba hawakubali kuwepo kwa uovu kamili wala hawamwabudu Shetani, na kwamba binadamu ana wajibu kwa mazingira. Kikundi hicho kilivunjika mwaka huo huo, lakini kanuni zake bado zinasomwa. Nini basi kinamzuia mtu asidhuru? Kwanza dhamiri yake. Pili, kwa walio kwenye kikundi, wenzake waliomwingiza. Tatu, kwa wanaoiamini, Sheria ya Mara Tatu: unachokituma, kizuri au kibaya, kitakurudia mara tatu. Wazo hilo limo katika maandishi ya Gardner ya mwaka 1949, na Raymond Buckland, Mwingereza aliyeipeleka Wicca Marekani miaka ya 1960, alilieneza sana. Si wafuasi wote wanaolikubali. Wapo wanaolichukulia kama fundisho kwa wanafunzi wapya.

Katika uchawi wa kisasa, wa kukuuliza ni wewe mwenyewe. Ni rahisi kulicheka jambo hilo, lakini wanaolichukua kwa uzito hufanya kazi ngumu: huandika maadili yao wenyewe, huyapima baada ya kila tendo, hawana mtu wa kumsingizia. Shida ni kwamba wasiolichukua kwa uzito nao wanaruhusiwa kuwemo, na kwa nje hutawatofautisha.

Kwa Wasukuma jibu lina watu wengi. Atakuuliza baba, shangazi, wazee wa ukoo, majirani wa nzengo, yaani ushirika wa kitongoji. Ukifanya jambo la aibu, banamhala, yaani wazee, wanaweza kukutoza faini, na zamani walitoza ng'ombe. Ukikaidi, majirani wanaacha kuja shambani kwako, hawaji msibani kwako, hawakupi moto. Na nyuma yao wamo wafu. Aliyekufa anaweza kukudai kwa jambo ambalo hata hukulifanya wewe, lilifanywa na babu yako. Mtu aliyesoma maadili ya Kizungu atasema huo ni uonevu: vipi nidaiwe deni la mwingine? Mkulima wa Misungwi atashangaa swali lenyewe, maana shamba la babu alilipokea bila kuuliza.

Hapo ndipo njia hizi zinapoachana hasa. Wicca na njia ya masamva zote hukataa madhara. Muulize mtu wa Wicca, muulize nfumu, wote watasema hivyo. Lakini moja inakupa dhamiri na wenzako wachache, ya pili inakupa dhamiri peke yake, na ya tatu inakupa ukoo mzima, uwapende au usiwapende. Kama umehama nyumbani kwa sababu ukoo umekubana, utaona ya kwanza na ya pili ni hewa safi. Kama umehama na sasa huna mtu wa kukushika mkono unapokosea, utaona upungufu wake baada ya muda.

Mipaka ya madhara

Tuanze na kulipiza. Wafuasi wengi wa Wicca hawaruhusu kumloga hata aliyekukosea. Wanachokubaliana nusu nusu ni kumfunga, yaani kumzuia asiendelee kudhuru bila yeye kuumia. Mjadala huo ulichemka Februari 2017, wachawi wengi wa Marekani walipokubaliana kufanya ibada ya kumfunga Rais Donald Trump kila mwezi wa angani unapofifia. Baadhi ya wafuasi wa Wicca walipinga wakisema kufunga nako ni kuingilia hiari ya mtu. Wachawi wengi wasio wa Wicca hawakuona tatizo. Kwao mwenye nguvu anayeonea watu hapaswi kulindwa na shauri la upole.

Msimamo huo wa pili una hoja yake, na si vyema kuudharau. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, akaenda polisi akarudishwa nyumbani wakayamalize, ana sababu ya kuuliza kwa nini yeye ndiye anayehubiriwa kutodhuru. Uchawi wa kisasa unampa ruhusa ya kukasirika. Ila unamwachia yeye peke yake kuamua ukali wa jibu, akiwa bado kwenye hasira.

Kwa Wasukuma mstari uko wazi kwa maneno, wenye ukungu kwa vitendo. Dawa ya kulinda nyumba inakubalika, hata ikiwa itamrudishia mlogi ubaya wake. Dawa ya kumtafuta mtu ambaye hajafanya lolote ni bulogi, na bulogi haina mtetezi. Katikati ya hapo kuna uwanja mpana, na nfumu mwaminifu hujulikana kwa anayoyakataa.

Upande wa mapenzi, Wicca ina msimamo wa wazi kuliko wenzake: usimwombee mtu fulani akupende, maana unagusa hiari yake, omba upendo ukufikie, atakayekuja aje mwenyewe. Uchawi wa kisasa umegawanyika. Kwa Wasukuma kuna dawa za mvuto, na zile za hadharani ndizo zinazonivutia kuzieleza. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyoanzia kwa wapinzani wawili, Ngika na Gumha, hushindana kila kimoja na uwanja wake, na anayekusanya watu wengi ndiye mshindi. Wacheza ngoma hutumia samba, dawa ya kuvuta watazamaji. Je, hiyo ni kuingilia hiari? Kwa kipimo cha Wicca, pengine ndiyo. Lakini kila mtu uwanjani anajua dawa imetumika, pande zote mbili zinayo, na ukichoka unavuka kwenda kwa wapinzani. Madhara yake hayafanani na ya dawa inayochanganywa kwenye chai ya mtu asiyejua. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo mwezi Juni, utaona hilo kwa macho yako, tena kwenye sherehe iliyounganishwa na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyekijenga kituo kile kuanzia miaka ya 1950, hakuona kwamba lazima ngoma ife ndipo watu wasali.

Damu ya mnyama: Wicca haichinji, hutoa mikate na divai. Masamva hupewa mbuzi au kuku, na nfumu wa Kisukuma husoma majibu kwenye matumbo ya kifaranga. Kama huli nyama, umeshapata jibu. Kama unakula, fikiri kabla ya kuhukumu, kwa sababu mbuzi wa tambiko huliwa na watu wa ukoo kama mbuzi mwingine yeyote.

Ukipatwa na balaa, unamlaumu nani?

Kwetu swali hili lina makaburi. Kwa miongo kadhaa, vijijini Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa panga kwa kushukiwa uchawi, na macho yao mekundu yakatajwa kama ushahidi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, baada ya kupika miaka hamsini kwenye jiko la mafiga matatu. Mara nyingi nyuma ya shutuma kulikuwa na shamba au urithi. Baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na wauza bahati. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na hadi leo polisi wa mikoa hii huwakamata watu kwa ramli chonganishi. Njia yoyote ya imani anayoichagua mtu wa hapa ipimwe kwanza kwa hilo.

Wicca kwa kigezo hiki iko vizuri. Haina mlogi wa kutafutwa. Ng'ombe akifa, mtoto akiugua, hakuna ibada ya kumtaja jirani. Lakini ina hatari yake, iliyojificha ndani ya Sheria ya Mara Tatu: kama ubaya hurudi kwa aliyeutuma, basi aliyeumia aliutuma lini? Mwenye mtoto aliyezaliwa na sikoseli hahitaji kuulizwa alichowahi kufanya. Wafuasi makini wanaliona hilo na kulikemea. Wengine wanalirudia bila kufikiri.

Uchawi wa kisasa unategemea mtu. Wanaouchukulia kama kazi ya akili na nafsi hawamlaumu yeyote. Tatizo ni karata. Msichana wa London akiambiwa na taroti kwamba kuna mtu wa karibu mwenye husuda, atafuta namba moja kwenye simu yake. Maneno hayo hayo yakisemwa Buhongwa yanaangukia kwa mke mwenza, kwa mama mkwe, kwa bibi wa nyumba ya tatu asiye na mtu wa kumtetea. Karata ikifika hapa inaweza kugeuka ramli chonganishi yenye picha nzuri. Ukichagua njia hii, jiwekee mwiko wa kutouliza kamwe swali la «nani».

Masamva yana sura mbili, na inabidi kuzitaja zote. Nfumu akisema ugonjwa umetoka kwa babu aliyesahauliwa, dawa yake ni kuwaita ndugu. Waliogombana wanalazimika kukaa mkeka mmoja, pombe inatengenezwa, mbuzi anachinjwa, watu wanaongea mambo ya miaka kumi. Sijaona katika njia zile mbili kitu kinachopatanisha ukoo kwa namna hiyo. Lakini nfumu huyo huyo akisema ugonjwa umetoka kwa mlogi, mlango mwingine unafunguka. Hata asipotaja jina, akatoa dalili tu, jina litajazwa na wasikilizaji. Kwa hiyo usiulize tu kama nfumu ana dawa. Uliza anaelekeza wapi. Wapo wanaoelekeza kwa mababu na kwa mapatano tu, na majirani zao wanawajua.

Ardhi, ziwa na majira

Wicca hujivunia kuheshimu maumbile, na huadhimisha sikukuu nane kwa mwaka: nne za jua linapofika mwisho na kati ya safari yake, na nne za katikati ya hizo, maarufu ikiwa ya Oktoba 31. Kalenda hiyo imetengenezwa kwa nchi zenye baridi na theluji. Mwanza iko kama digrii mbili na nusu kusini ya ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani kwa hata nusu saa. Oktoba 31, Mwingereza anapoaga mwanga na kukumbuka wafu, mkulima wa Sengerema anasubiri au amepata mvua za vuli na yuko shambani. Wafuasi wa Australia huigeuza kalenda juu chini. Hapa hata kuigeuza hakusaidii. Itabidi uisuke upya kwa vuli, masika na kiangazi, na Wicca inaruhusu.

Mwezi ndio unaokubali zaidi. Wafuasi wa Wicca hukutana mwezi mpevu, na hapo ziwani wavuvi wa dagaa wako nchi kavu, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Wakati wa mbalamwezi mwaloni huwa na watu wanaoshona nyavu na kulipana madeni. Mfuasi wa Mwanza akitaka usiku wake wa utulivu atakuwa na kampani.

Uchawi wa kisasa hauna kalenda ya lazima, na kwa hilo hauna tatizo. Ila umezua uchu wa vitu: mawe yanayochimbwa mbali, majani ya kufukiza kutoka Marekani ambako yamevunwa kupita kiasi, mishumaa ya rangi saba. Mtu mwenye ubani na udi wa dukani hahitaji hata kimoja.

Wasukuma hawana shauri la kupenda maumbile lililoandikwa, lakini walikuwa na ngitili: eneo la malisho na miti linalofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikikaza, chini ya ulinzi wa wazee, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa. Nyingi zilipotea, hasa watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, na mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulizirudisha nyingi kwa kutumia utaratibu huo huo wa wazee. Kwa upande wa kuhifadhi, faini ya mbuzi inayolipwa kweli inanishawishi kuliko ibada ya kushukuru msitu. Wafuasi wa Wicca watanijibu kwamba kinachoitwa kitakatifu hakihitaji faini. Labda. Ukitazama mifuko ya plastiki ufukweni Kirumba, sisi sote tunasema ziwa ni uhai wetu.

Fedha, siri na sheria

Hapa nipite haraka. Katika Wicca ya kikundi, kumlipisha mtu ili aingizwe ni aibu. Uchawi wa kisasa una soko kubwa la kozi na usomaji wa karata. Kulipia si dhambi, ila jiulize kila mara unauziwa ujuzi au hofu. Nfumu hulipwa kwa kazi, na kisheria mtoa tiba asili anatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002. Omba kuona cheti, asiyeogopa atakuonyesha.

Sheria ya Uchawi ya Tanzania, Sura ya 18, ilitungwa mwaka 1928 na bado ipo. Haikuandikwa kwa kuifikiria Wicca, lakini tafsiri yake ya uchawi ni pana: inagusa hata anayedai tu kuwa na nguvu za siri, na anayemiliki vifaa vya uchawi. Inamgusa pia anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi. Katiba kwa upande wake, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani. Namna mahakama itakavyomtazama kijana wa Igoma mwenye kisu cha ibada cha mpini mweusi na mishumaa chini ya kitanda ni jambo ambalo nisingependa alijaribu yeye. Kujitangaza mtandaoni kwa jina lako na mtaa wako si ushujaa. Hatari ya kwanza hata haitoki polisi. Inatoka kwa majirani siku mtoto wa mtu akiugua ghafla.

Kulingana na hali yako

Kama unatafuta dini yenye ibada, miungu na mwaka wake, lakini yenye kanuni fupi inayokuachia uamuzi, Wicca itakufaa, hasa ukiwa mtu wa kujihoji. Jiandae kufanya peke yako na kuisuka upya kalenda. Achana na Sheria ya Mara Tatu kila inapotaka kumhukumu mgonjwa.

Kama huamini mungu yeyote, au umeumizwa na viongozi wa dini kiasi kwamba hutaki mwingine, uchawi wa kisasa utakupa nafasi ya kupumua. Unafaa zaidi mtu mwenye rafiki mmoja au wawili wenye ruhusa ya kumwambia amekosea. Andika miiko yako kabla ya kununua karata.

Kama kinachokusumbua ni majina ya wafu usiowajua, ugomvi wa ukoo, au hisia kwamba ulikata kamba mahali, basi njia ya masamva inajibu hasa swali hilo, na zile nyingine mbili hazilijibu. Usianze na nfumu. Anza na bibi au babu aliye hai, muulize waliokutangulia waliitwa nani na walikumbukwaje. Ukiwa Mkristo au Mwislamu, sehemu kubwa ya hayo utaipata bila kuvunja imani yako. Ya mbuzi na pombe utaamua na dhamiri yako.

Kama wewe si Msukuma, umekuja Mwanza kwa kazi au masomo, masamva si njia ya kuchukua tu kama nguo dukani, kwa sababu bila ukoo hakuna wa kukudai wala wa kukutetea. Uliza ya kwenu.

Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja, chagua chochote, lakini ibada yako iwe ya aina ambayo jirani akiingia ghafla hataogopa: maua, maji, mshumaa mmoja, sala ya kimya.

Kama kilichokusukuma ni ugonjwa, wa mwili au wa kukosa usingizi na kusikia sauti, nenda hospitali ya Bugando au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kuchagua imani. Na kama tayari uko kwenye mojawapo ya njia hizi, na mtu unayemwamini ameanza kukutajia ni nani anayekuroga, ondoka hapo siku hiyo hiyo, na kama ametaja jina la mtu, mjulishe mwenyekiti wa mtaa au polisi kabla maneno hayajamfikia kijana mwenye panga.